Kampasi, Masafa au Mtandaoni Kabisa: Ulinganisho kwa Mwalimu Anayetafuta Shahada

Mwalimu aliyekwisha kuajiriwa kwa cheti au stashahada, na ambaye sasa anataka shahada ya kwanza, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuondoka katika kituo chake cha kazi akaenda kukaa kampasi kwa miaka mitatu au minne. Anaweza kubaki kazini akasoma kwa masafa katika chuo chenye vituo mikoani au chenye vipindi vya likizo, ambako sehemu ya masomo hufanyika ana kwa ana na sehemu nyingine hufanyika nyumbani. Na katika miaka ya karibuni ameongezewa njia ya tatu, yaani programu ambayo karibu kila kitu chake, kuanzia udahili hadi mijadala na kazi za kusahihishwa, kinaendeshwa mtandaoni. Kila njia ina watetezi wake katika ofisi za walimu, na mara nyingi mtetezi huwa ni yule aliyeipitia, kwa hiyo mwulizaji hubaki na mashaka yale yale aliyokuja nayo. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwulizaji huyo, na mifano yake mingi inatoka Tanzania na Kenya.

Kumwandaa mwalimu akiwa mbali na chuo ni jambo la zamani kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilijiwekea lengo la kufikia Elimu ya Msingi kwa Wote ndani ya miaka michache, na vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Makumi ya maelfu ya vijana, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba, waliingia madarasani huku wakiendelea kujifunza ualimu: walifundisha, wakasoma masomo yaliyoletwa kwa posta, wakasikiliza vipindi vya redio na kusimamiwa na waratibu huko huko walikokuwa. Nguvu ya mpango ule ilikuwa kwamba kila asubuhi mwanafunzi alikuwa na darasa halisi mbele yake. Udhaifu wake ulikuwa uhaba wa watu wenye ujuzi wa kukaa nyuma ya darasa hilo na kumtazama anavyofundisha. Chombo cha kupeleka masomo kimebadilika mara kadhaa tangu wakati huo, lakini udhaifu huo haujatuacha, na ndio utakaorudi mara kwa mara katika makala haya.

Vyuo vikuu vilifuata baadaye. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya ualimu ya nje ya kampasi mwaka 1986, Makerere mwaka 1991, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikajengwa juu ya vituo vya mikoa badala ya kampasi moja kubwa. Mwezi Agosti mwaka 2023 Kenya ilikipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, ambacho kimeanzishwa kwa ajili ya masomo ya mtandaoni na ambacho miongoni mwa programu zake za mwanzo ilikuwamo shahada ya elimu ya teknolojia.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo sita: muda na ajira; gharama yote, pamoja na ile isiyoandikwa kwenye fomu ya ada; mtandao, umeme na vifaa; mazoezi ya kufundisha; mitihani na uzito wa shahada; na uwezekano wa kufika mwisho. Cha nne nakipa uzito kuliko vingine, kwa sababu mwalimu anaweza kufaulu mitihani yote na bado akarudi darasani akifundisha kama alivyokuwa akifundisha kabla ya kuanza.

Muda na ajira

Kampasi inadai ruhusa ya masomo. Mwalimu wa serikali hupitisha ombi lake kwa mkuu wake wa kazi hadi kwa mwajiri, na jibu hutegemea mpango wa mafunzo wa mwaka huo pamoja na pengo litakaloachwa shuleni. Shule yenye walimu sita na madarasa saba haimwachii mtu kwa urahisi. Anayeipata ruhusa hiyo hupata kitu ambacho njia nyingine haziwezi kumpa: miaka ya kusoma tu, akiwa karibu na maktaba na maabara, bila madaftari ya kusahihisha.

Masafa yenye vipindi vya likizo humwacha mwalimu kazini lakini huchukua likizo zake. Mwalimu wa Kenya anayesoma kwa mtindo huu huingia chuoni Aprili, Agosti na Desemba, wakati wenzake wanapokwenda kuona wazazi au kulima. Wa Tanzania hutegemea zaidi likizo za Juni na Desemba. Kwa miaka kadhaa hapumziki. Familia inapaswa kulijua hilo tangu mwanzo, hasa pale mwanafunzi ni mama mwenye watoto wadogo na hana wa kumwachia.

Mtandaoni hakuna safari, na masomo yanaweza kupangwa usiku au alfajiri. Hata hivyo saa zenyewe ni zile zile. Muda ambao haukuwekewa mlango wala kengele huvamiwa kwanza: mgonjwa nyumbani, kikao cha shule kilichorefuka, msiba wa jirani. Anayechagua njia hii anapaswa kuwa tayari kuwaambia watu wa nyumbani kwamba kati ya saa tatu na saa tano usiku yuko darasani, ingawa wanamwona ameketi sebuleni.

Gharama yote

Ada ni sehemu tu ya hesabu. Kampasini kuna malazi, chakula na nauli za kwenda na kurudi, na kwa yule aliyekwenda bila mshahara kuna miaka ya mapato yaliyopotea, ambayo mara nyingi huzidi ada yenyewe. Upande wa pili, njia hii ndiyo inayoeleweka vizuri zaidi kwenye bodi za mikopo, HESLB kwa Tanzania na HELB kwa Kenya. Anayesoma kwa masafa au mtandaoni aulize bodi moja kwa moja kama programu yake inastahili, asitegemee maneno ya wakala wa chuo.

Masafa yana faida ya mshahara usiokatika na, katika baadhi ya vyuo, ruhusa ya kulipa kwa kozi anazosajili mtu kwa mwaka husika. Yana gharama ya nauli na pa kulala wakati wa vipindi na mitihani. Kwa anayeishi mjini palipo na kituo cha mkoa gharama hiyo ni ndogo. Kwa anayekaa kisiwani Ukerewe au ndani kabisa ya wilaya kubwa, safari moja inaweza kula sehemu nzuri ya mshahara wa mwezi.

Mtandaoni nauli hugeuka kuwa bando. Saa moja ya kipindi cha moja kwa moja chenye picha inaweza kutumia karibu gigabaiti moja ya data, ilhali moduli nzima ya maandishi inaweza kupakuliwa kwa megabaiti chache, na sauti peke yake hutumia kidogo sana. Hapa tofauti kati ya chuo na chuo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chuo kinachotegemea mihadhara ya picha kila jioni kinamlipisha mwanafunzi ada ya pili kupitia kampuni ya simu. Kinachotoa maandishi na sauti za kupakuliwa, kikaacha vipindi vya picha kwa mijadala michache iliyo muhimu, kinafikika hata na mwalimu wa mshahara wa kuanzia.

Mtandao, umeme na vifaa

Hapa kampasi inashinda waziwazi, masafa yanafuata, na mtandaoni ndiko kunakohitaji tahadhari. Simu inatosha kusoma na kusikiliza, lakini haitoshi kuandika kazi ya kurasa kumi na tano yenye majedwali. Nchini Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na kwa wengi hicho ndicho kifaa cha kwanza chenye kioo cha kutosha kusomea. Kikiongezewa kibodi ndogo kinaweza kubeba masomo ya shahada. Pale ambapo mtandao hupatikana tu chini ya mti fulani au juu ya kilima nyuma ya shule, programu inayoruhusu kupakua masomo na kuyasoma bila mtandao ndiyo pekee inayofaa.

Mazoezi ya kufundisha

Mhadhiri anayekuja kutathmini hukaa kwenye dawati la nyuma akiwa na andalio la somo mkononi. Kutoka pale anaona mambo ambayo mwalimu aliyesimama ubaoni hayaoni: kwamba maswali yote yamejibiwa na watoto wa madawati mawili ya mbele, kwamba binti aliye karibu naye amenakili mfano wa kugawanya kwa mwandiko mzuri bila kujua baki limetoka wapi, kwamba mwalimu alipouliza “Mmeelewa?” darasa zima liliitikia “Ndiyo!” kwa mazoea. Baada ya kipindi wanakaa chini ya mwembe dakika ishirini na kuyazungumza. Dakika hizo ishirini zina thamani kuliko mihadhara mingi, na ningemshauri mwalimu achague chuo kwa kuzihesabu.

Kampasi huzipanga vizuri zaidi kwenye karatasi. Wanafunzi huanza kwa kufundishana wenyewe kwa wenyewe mbele ya mkufunzi, kisha hupelekwa shuleni kwa wiki kadhaa na kutembelewa. Mwalimu wa sayansi hupata pia maabara, ambako anaweza kurudia jaribio la kuchanganya asidi na besi hadi mkono wake uzoee kusimama pale rangi inapogeuka. Ujuzi wa aina hiyo haupatikani kwa kutazama video. Lakini idadi ya wanafunzi imekuwa kubwa katika vyuo vingi, na kuna mhadhiri anayetembelea shule tatu kwa siku moja, akaona nusu ya kipindi, akajaza fomu na kuondoka. Tena, shule ya mazoezi si ya mwanafunzi. Anawafundisha watoto asiowajua, kisha anawaacha kabla hajaona kama walichokijua kimedumu.

Masafa hupindua hali hiyo. Mwalimu anayesoma Jumapili kuhusu namna ya kufundisha kusoma katika darasa la watoto tisini anaweza kulijaribu somo hilo Jumatatu, akaliona likishindikana, akalirekebisha Jumatano. Darasa lake mwenyewe ndilo maabara. Vituo vya mikoa hurahisisha kumpata mtathmini ambaye hatoki mbali sana, na vipindi vya likizo huwapa walimu wa shule mbalimbali nafasi ya kuonyeshana wanachofanya. Mahali njia hii inapoyumba ni kati ya likizo na likizo, ambapo mwanafunzi anaweza kukaa miezi minne bila jicho lolote la mtu mwingine.

Programu za mtandaoni zimejaribu kuziba pengo hilo kwa video. Simu inasimamishwa kwenye kingo ya dirisha, kipindi kinarekodiwa, faili linatumwa kwenye jukwaa la chuo, na mhadhiri anaandika maoni yake dakika kwa dakika. Njia hii ina faida ya kweli ambayo dawati la nyuma halina: mwalimu anajiona. Anaweza kurudisha nyuma na kuhesabu ni sekunde ngapi alimsubiri mtoto kabla ya kumpa mwingine nafasi ya kujibu, na wengi hushtushwa na uchache wake. Mwenzake aliye kaunti nyingine anaweza kuitazama video hiyo hiyo na kumwambia alichokiona. Hata hivyo simu iliyo dirishani huona ubao na mgongo wa mwalimu. Watoto wa nyuma hawasikiki, na madaftari yao hayaonekani. Kuna pia suala la haki za watoto wanaorekodiwa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu mwaka 2022, kwa hiyo chuo makini hutoa utaratibu wa kupata idhini ya shule na wazazi kabla ya kudai video hata moja.

Kwa njia zote mbili zinazomwacha mwalimu kazini kuna msaada ulio jirani ambao wengi hawautumii. Nchini Tanzania, mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umejengwa juu ya jumuiya za kujifunza ambamo walimu wa shule moja hukutana, huandaa somo pamoja na kutazamana wakifundisha. Mwalimu anayesoma mtandaoni akiwa katika jumuiya iliyo hai ana macho aliyoyakosa chuoni. Akiwa peke yake shuleni mwenye kiu ya kusoma, hali ni nyingine kabisa.

Mitihani na uzito wa shahada

Kampasi na masafa hufanana hapa kuliko watu wanavyodhani: wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hukusanyika katika vituo vya mikoa na kufanya mtihani chini ya msimamizi kama wengine. Dhana kwamba shahada ya masafa ni nyepesi haina msingi. Anayeifahamu njia hii anajua ni wangapi wanaorudia mitihani. Mtandaoni usimamizi hufanywa kwa kamera au hubadilishwa kuwa miradi na mkoba wa kazi, yaani mkusanyiko wa kazi alizofanya mwanafunzi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili unde zilipoanza kuandika insha nzima kwa sekunde chache, insha ya kuandikia nyumbani imepoteza uwezo wake wa kuthibitisha kitu chochote, na jambo hilo linavisumbua vyuo vyote, vya kampasi vikiwamo. Ningekiamini zaidi chuo kinachomtaka mwanafunzi aitetee kazi yake kwa mdomo, au aonyeshe alivyoitumia katika darasa lake.

Kuhusu kutambuliwa, hakikisha kwamba chuo na programu yenyewe vimeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) nchini Tanzania au na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya. Anayesoma chuo cha nje atalazimika kupeleka shahada yake ithibitishwe, na ni busara kuuliza kabla ya kulipa. Anayelenga kufundisha sekondari Kenya ahakikishe pia kwamba programu inampa masomo mawili ya kufundishia yatakayokubaliwa na Tume ya Huduma za Walimu. Kuna programu nzuri za elimu ambazo hazikukusudiwa kumpeleka mtu darasani.

Kufika mwisho

Wanafunzi wa masafa na mtandaoni huacha njiani kuliko wa kampasi, na sababu kubwa ni upweke. Kampasini mwenzako wa bwenini hukuamsha siku ya mtihani. Katika vipindi vya likizo urafiki huundwa haraka, na kundi la WhatsApp linaloanzishwa siku ya kwanza mara nyingi ndilo linalowavusha watu hadi mahafali. Mtandaoni pekee urafiki huo hauji wenyewe. Hujengwa na chuo kinachogawa wanafunzi katika vikundi vidogo na kuwapa mkufunzi anayewajua kwa majina. Kozi kubwa za wazi zinazotolewa bure duniani, ambazo huanzwa na maelfu na kumalizwa na wachache sana, zimelionyesha hili bila ubishi.

Vyuo vyenyewe navyo vinabadilika

Mipaka kati ya njia hizi imeanza kufifia. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wahadhiri wa kampasi waliokuwa wakiliona jukwaa la mtandaoni kama kabati la kuhifadhia maandishi walilazimika kulitumia kama darasa, na baada ya kufunguliwa sehemu ya mazoea hayo ilibaki. Kazi ya mhadhiri nayo imegawanyika: mmoja anaandika moduli, mwingine anaongoza mijadala, mwingine anatathmini.

Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na kuhamia Nairobi miaka michache baadaye, kilianza kwa kurusha mihadhara ya vyuo vya ng’ambo kwa setilaiti. Baadaye kilipojihusisha na elimu ya ualimu, moduli za hisabati, sayansi na TEHAMA ziliandikwa na wahadhiri wa vyuo vya Afrika wenyewe na kutolewa bure. Mradi wa TESSA, wa elimu ya ualimu katika Afrika kusini mwa Sahara, ulioanza mwaka 2005 nao una maandiko ya bure kwa walimu wa shule za msingi, yakiwamo ya Kiswahili, na mwanafunzi wa njia yoyote kati ya hizi tatu anaweza kuyatumia leo hii.

Mwongozo kulingana na hali yako

Kama wewe ni kijana uliyemaliza sekondari na hujawahi kusimama mbele ya darasa, kampasi inakufaa zaidi, kwa sababu ukisoma kwa masafa au mtandaoni huna darasa la kujaribia unachosoma, na hilo ndilo tegemeo kubwa la njia hizo mbili. Ukilazimika kusoma kwa masafa, tafuta kwanza shule itakayokupokea kwa kujitolea.

Kama unafundisha fizikia, kemia au biolojia na shule yako haina maabara, tafuta kampasi au masafa yenye vipindi vya ana kwa ana ambavyo ndani yake kuna saa za maabara zilizoandikwa kwenye ratiba.

Kama una miaka kadhaa kazini, familia inakutegemea na unaishi ndani ya safari ya saa mbili au tatu kutoka kituo cha mkoa au chuo chenye programu ya likizo, masafa ya mseto yanakupa karibu kila kitu unachohitaji, mradi upate mtu wa kukutazama ukifundisha kati ya likizo moja na nyingine. Mwombe mwalimu wa taaluma au mthibiti ubora aliye karibu. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima.

Kama una ulemavu unaofanya safari kuwa ngumu, unalea mtoto mchanga, unamwuguza mzazi, au unaishi Ghuba au Ulaya na unataka shahada ya nyumbani, mtandaoni kabisa panaweza kuwa njia yako pekee, na si njia ya kuonea haya. Anza kwa kozi mbili badala ya tano, upime mtandao wako na ratiba yako kwa muhula mmoja.

Kama umekwisha kuwa mwalimu mkuu au mratibu wa elimu kata na unachokitafuta ni maarifa ya uongozi na mitaala kuliko mazoezi ya darasani, uzito wa kigezo cha nne unapungua kwako, na programu nzuri ya mtandaoni inaweza kukufaa kuliko kampasi iliyojaa wanafunzi wadogo.

Vyovyote hali yako ilivyo, kabla ya kulipa ada kiandikie chuo na uulize maswali manne, ukitaka majibu ya maandishi: nitatazamwa nikifundisha mara ngapi hadi nihitimu, na nani, mkufunzi wangu atakuwa na wanafunzi wangapi, mtihani utafanyika wapi, na programu hii iliidhinishwa lini. Kisha mtafute mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa programu hiyo hiyo, umuulize maswali hayo hayo.